Darubini ya jina geni: usiulize jina, ipime

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosikika redioni)



Mwezi uliopita mpwa wangu alifika nyumbani jioni akiwa amekumbatia kisanduku cha karatasi kama mtu aliyebeba kichanga. Kijana huyu amemaliza mafunzo ya kuongoza watalii, na alikuwa ameahidiwa kazi ya majaribio ya kutembeza wageni wanaokwenda kutazama ndege katika msitu wa Amani, kule Usambara Mashariki. Sharti lilikuwa moja tu: aje na darubini yake mwenyewe. Basi akakusanya akiba yake, akakopa kidogo kwa mama yake, akaenda Kariakoo. Alirudi na darubini ndogo nyeusi ya macho mawili, vioo vyake vya mbele vyekundu vinang'aa kama taa za nyuma za gari. Juu yake pameandikwa 30x60, na pembeni 126m/1000m. Jina la kampuni sikupata kulisikia tangu nizaliwe.

"Mjomba," akaniambia kwa furaha, "hii inavuta mara thelathini. Ya mwalimu wetu chuoni ilikuwa inavuta mara nane tu."

Nikaipokea, nikatoka nayo barazani, nikatazama mnazi wa jirani. Haikupita hata dakika mbili nikaishusha, kichwa kinanigonga. Nikamwita binti yangu aniletee rula ya shule. Nikapima upana wa kioo cha mbele. Msikilizaji, juu ya chombo pameandikwa 60, lakini rula ilisema milimita 25.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya nichague mada ya leo. Wapo wanaonunua darubini kwa ajili ya mpira uwanjani, wapo manahodha wa majahazi na boti, wapo walinzi, wapo walimu, na sasa wapo vijana wengi ambao ajira yao inategemea chombo hicho. Wengi wao hawana uwezo wa kununua zile zenye majina makubwa. Swali ni hili: mtu wa mfuko mdogo, akikuta darubini yenye jina asilolijua, atajuaje kama ni nzuri au amekwisha kuibiwa?

Tuanze na jina lenyewe. Yako majina yaliyojenga heshima kwa miaka mingi. Zeiss ya Ujerumani ilianza kuuza darubini za macho mawili za namna tunayoijua leo mwaka 1894. Iko Leica, iko Swarovski ya Austria, iko Nikon ya Japani. Lakini darubini moja ya daraja la juu katika hizo inaweza kuzidi bei ya pikipiki mpya. Kumwambia kijana anayeanza maisha akanunue hiyo ni sawa na kumwambia asiifanye kazi.

Majina mageni, kwa upande mwingine, mara nyingi si majina ya watengenezaji. Viko viwanda, vingi vyake nchini China, vinavyotengeneza darubini kwa wingi na kubandika jina lolote analolitaka mwagizaji. Mfanyabiashara huyu ataagiza kwa jina la ndege, yule kwa jina la nyota, na wa tatu kwa jina linalofanana fanana na la Kijerumani. Ndani ya sanduku, huenda vyote vitatu ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Tena huenda jina lile lile mwaka huu likabandikwa kwenye chombo kizuri, na mwakani kwenye kibovu, maana mwagizaji ameomba apunguziwe bei. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kwa hiyo jina geni si ushahidi wa ubaya, na wala sifa ulizosikia kwa rafiki yako si ushahidi wa uzuri. Ushahidi ni kile chombo kimoja ulichokishika mkononi. Tena nasema chombo kimoja, maana katika bidhaa za bei nafuu, viwili vilivyotoka katika katoni moja vinaweza kutofautiana. Kiwanda cha bei kubwa kinakulipisha pia gharama ya mkaguzi anayetupa vibovu. Kiwanda cha bei ndogo kimekuachia kazi hiyo ya ukaguzi wewe mnunuzi. Basi ifanye.

Kwanza kabisa, tusome namba. Darubini iliyoandikwa 8x42 maana yake inakuza mara 8, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42. Namba hiyo ya pili inapimika kwa rula, pale pale dukani. Kama imeandikwa 50 na rula inasema 49, usigombane na mtu. Kama imeandikwa 60 na rula inasema 25, mrudishie mwenye duka chombo chake kwa heshima, kwa sababu aliyedanganya katika jambo linalopimika kwa rula ya mtoto hawezi kuaminika katika lile lisilopimika.

Namba ya kwanza nayo ina njia yake. Nyoosha mikono, elekeza darubini kwenye anga yenye mwanga, mbali na jua, kisha tazama vile vioo vidogo vya upande wa jichoni bila kuvisogeza machoni. Utaona katika kila kimoja duara dogo la mwanga, kama kisarafu kinachoelea. Pima upana wake kwa rula. Gawanya upana wa kioo cha mbele kwa upana wa kisarafu hicho, utapata ukuzaji wenyewe, au karibu nao. Katika darubini ya mpwa wangu kisarafu kilikuwa kama milimita 3. Ukigawanya 25 kwa 3 unapata 8 na kitu. Ile "thelathini" yake ilikuwa nane, sawa kabisa na ya mwalimu aliyemcheka.

Na yale maandishi ya 126m/1000m? Hayo yanasema kwamba ukitazama mahali palipo umbali wa mita 1000, utaona eneo lenye upana wa mita 126. Kwa umbali huo, kila nyuzi moja ya pembe ni mita 17 na nusu hivi, kwa hiyo mita 126 ni kama nyuzi 7. Zikuze mara 30, kwa hesabu ya haraka, unapata zaidi ya nyuzi 200. Nusu ya duara ni nyuzi 180. Yaani chombo hicho kingekuonyesha mpaka kilichopo nyuma ya masikio yako! Hizi ni namba zilizokutanishwa na mtu asiyejua maana yake, au anayejua kwamba wewe hujui.

Hapa nataka nivunje imani moja iliyoenea sana, kwamba darubini inayokuza zaidi ndiyo bora. Sivyo hata kidogo. Inapokuza kitu mara nyingi, inakuza pia mtetemeko wa mikono yako. Ukipita mara 10, watu wengi hawawezi kuituliza bila kuiegemeza mahali. Tena ule upana wa kisarafu cha mwanga una kazi yake. Mchana wa jua kali mboni ya jicho hujifunga ikabaki na tundu la milimita 2 au 3, lakini gizani mboni ya kijana hufunguka mpaka kama milimita 7, na hupungua kadiri umri unavyosonga. Ndani ya msitu mnene, alfajiri au jioni, mboni inataka mwanga mwingi. Darubini ya 8x42 inaipa kisarafu cha zaidi ya milimita 5. Ile ya 10x25 inaipa milimita 2 na nusu tu. Uwanjani saa nane mchana hutaona tofauti kubwa. Chini ya miti ya Amani saa kumi na mbili asubuhi, mmoja anaona ndege na mwenzake anaona kivuli.

Jambo la pili ni vioo vyenyewe. Kioo kitupu hurudisha nyuma kiasi cha asilimia 4 ya mwanga kila mwanga unapokiingia au kukitoka. Ndani ya kila upande wa darubini mwanga huvuka nyuso kama hizo kumi au zaidi. Ukizidisha hasara hiyo mara kumi, theluthi moja ya mwanga imekwisha kupotea kabla ya kufika jichoni, na sehemu yake inazagaa ndani na kuifanya picha ipauke. Ndiyo sababu mwaka 1935 mtaalamu wa Zeiss aitwaye Alexander Smakula alibuni namna ya kuvipaka vioo utando mwembamba sana unaopunguza upotevu huo. Darubini nzuri za leo zina tabaka kadhaa za utando huo kwenye kila uso wa kioo, na hasara imeshuka hadi chini ya nusu ya asilimia moja kwa kila uso.

Utaujuaje utando huo? Simama chini ya taa, tazama mwakisi wa taa katika kioo cha mbele. Kioo kisicho na utando kitakurudishia taa nyeupe, kali kama kwenye dirisha. Chenye utando mzuri kitakurudishia taa hafifu yenye rangi ya kijani iliyofifia au zambarau. Kisha geuza, ufanye vivyo hivyo upande wa jichoni, maana wako wanaopaka uso wa nje wa mbele tu ili mnunuzi apate cha kuona.

Na vile vioo vyekundu kama kito? Msikilizaji, fikiri kidogo. Ukiona wekundu unang'aa kwenye kioo, maana yake wekundu umerudishwa nje, haukuingia. Anayetazama ndani anapata picha iliyopungukiwa na rangi nyekundu, yenye kuelekea kijani au buluu. Ni pambo la dukani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kinajitembeza kwa rangi.

Rudi tena kwenye kile kisarafu cha mwanga. Ndani ya darubini mna vibonge vya kioo vyenye pembe, viitwavyo prizimu, vinavyoigeuza picha isimame wima badala ya kupinduka kichwa chini. Kama prizimu hizo ni za kioo kinachofaa na zimepangwa vizuri, kisarafu kitakuwa duara kamili lenye mwanga sawasawa. Kama wamebana matumizi, utaona kisarafu chenye kingo za kijivu, kimekaribia kuwa na pembe nne. Darubini hiyo itaonyesha, ndiyo, lakini pembeni mwanga wake umekatwa.

Sasa nafika kwenye jambo la tatu, na kama utasahau mengine yote leo, usisahau hili. Darubini ya macho mawili ni darubini mbili zilizofungwa pamoja. Lazima zitazame upande mmoja kabisa, bila moja kupinda. Zikitofautiana kidogo, macho yako yatajilazimisha kuziunganisha picha mbili, na utaona picha moja bila kujua kwamba misuli ya macho inafanya kazi ya kibarua. Baada ya muda kichwa kinauma, wengine husikia kichefuchefu, na wengi hudhani tatizo ni macho yao. Kumbe ni chombo.

Kipimo chake ni rahisi. Toka nje ya duka, usitazame kupitia kioo cha dirisha. Kwanza rekebisha: ziba upande wa kulia kwa kiganja, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa. Kisha ziba wa kushoto, zungusha kile kipete cha upande wa kulia mpaka jicho la kulia nalo lione sawasawa. Ukishamaliza, tafuta waya wa umeme au ukingo wa paa ulionyooka. Utazame, halafu rudisha darubini taratibu mbali na macho, huku ukiendelea kuutazama ule waya. Picha zitaanza kutengana kuwa mbili. Waya wa picha ya kushoto na wa picha ya kulia ubaki katika kimo kimoja. Ukiona mmoja umepanda na mwingine umeshuka, kama ngazi, darubini hiyo ina makengeza. Usiipokee hata kwa bei ya bure.

Nasisitiza na onyo hapa: katika majaribio haya yote usielekeze darubini kwenye jua, hata kwa sekunde moja. Jua lililokusanywa na vioo hivyo huunguza jicho, na jicho lililoungua hivyo halina dawa.

Jambo la nne ni usafi wa rangi na kingo. Tazama kitu cheusi mbele ya anga nyeupe, kama nguzo ya simu au tawi kavu. Je, ukingo wake una mstari wa zambarau au kijani? Kidogo hakikosekani katika bei nafuu. Kikiwa kingi, rangi zote zinaharibika. Mwongozaji wa ndege hapo ndipo riziki yake ilipo. Pale Amani yuko chozi anayeitwa kwa jina la mahali hapo, tumbo lake ni jeupe, na wageni husafiri kutoka mbali kumwona. Katika msitu huo huo yupo chozi mwingine mdogo, tumbo lake ni la manjano. Wote wawili hawatulii tawini. Mwongozaji ambaye darubini yake inachafua nyeupe atamwonyesha mgeni ndege siye, na mgeni akigundua, hatarudi kwake.

Mambo mengine nayapitia haraka. Gurudumu lizunguke laini bila kuruka wala kukwama. Bawaba ya katikati isiwe imelegea. Itikise karibu na sikio, na ukisikia kitu kinacheza ndani, iache. Tazama ndani kupitia kioo cha mbele kama kuna vumbi, alama za vidole au nyuzi nyuzi kama za buibui. Hizo nyuzi ni kuvu, na kwetu sisi wa Pwani kuvu ni adui mkubwa, maana hukua juu ya kioo penye unyevu na huweza kuula ule utando. Anayevaa miwani ajaribu akiwa na miwani yake, aone kama picha yote inaenea au anaona kama kupitia tundu la ufunguo.

Liko jambo usiloweza kulipima mlangoni pa duka, nalo ni uvumilivu. Wakikuandikia kwamba haiingii maji na imejazwa naitrojeni ndani, hutaitumbukiza kwenye ndoo ya mwenye duka. Ndugu zetu wawindaji wenye leseni wanalijua tatizo hilo zaidi katika darubini za bunduki za majina mageni: vioo utavikagua kwa njia hizi hizi za mwanga, lakini kama alama ya shabaha itabaki mahali pake baada ya mishtuko ya risasi, hilo halijulikani mpaka uwanja wa shabaha. Kwa mambo ya namna hiyo ngao yako ni risiti, na makubaliano ya maandishi kwamba ikiwa na kasoro ndani ya siku kadhaa utabadilishiwa. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003. Bila risiti, utakwenda huko na nini?

Mpwa wangu, kwa bahati, alikuwa na risiti. Tulirudi wote kesho yake. Muuzaji alituambia, "Mzee wangu, mali ikishatoka dukani hairudi." Sikubishana. Niliweka rula juu ya kioo, nikamwomba asome mwenyewe, mbele ya wateja wawili waliokuwa wanasubiri. Akasoma, akacheka, akasema hata yeye alizikuta zimeandikwa hivyo. Akakubali kubadilisha, tukaongeza fedha kidogo.

Rafuni zilikuwepo darubini tatu za 8x42, zote za jina moja geni. Ya kwanza, waya wa umeme ulionekana kama ngazi. Ya pili, gurudumu lilikwama katikati. Ya tatu, waya ulikuwa sawa, kisarafu cha mwanga duara, rula ikasema 42. Si Zeiss, msikilizaji. Pembeni picha yake inalegea, na zambarau kidogo ipo. Lakini hizo ni kasoro ambazo mtu anaweza kuishi nazo, maana ndege humweka katikati. Makengeza na uongo wa namba si kasoro za kuishi nazo.

Juzi kijana alinipigia simu kutoka Amani. Kazi bado ni ya majaribio, na deni la mama yake bado lipo. Lakini ametazama asubuhi nzima na kichwa hakikumuuma, na tumbo jeupe ameliona jeupe.

Mwenye macho haambiwi tazama. Nami naongeza tu: ukienda kununua, ingiza rula mfukoni. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.